Sikio Hutangulia Jicho

Kiunga, mji wa Wabajuni ulio karibu na mpaka wa Somalia, kaskazini ya visiwa vya Lamu, una bahari mbele yake na msitu nyuma yake, na kwa hiyo watu wake, wavuvi na wakulima, tangu kale wamezijua khofu mbili: ya papa aliye chini ya maji na ya simba aliye ndani ya kichaka. Khofu hizo zina tabia moja, nayo ni kwamba dalili hufika kabla ya mwenyewe kuonekana. Na juu ya tabia hiyo imejengwa sanaa ya kufungua mchezo wa sinema, ambayo wengi huidhania kuwa ni elimu ngeni kabisa katika pwani yetu.

Mkulima wa Kibajuni, akisha kufyeka msitu na miti ikakauka, hakuutia moto hivi hivi tu. Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma, watu walikusanyika wakaimba vave, nyimbo za kazi hiyo khasa, na moto ukangoja hadi usiku huo upite. Tuizingatie tartibu hiyo: moto, ambao ndio tukio lenyewe na ndio wenye hatari, umewekwa mwisho, na mbele yake imetandazwa sauti ya wanadamu gizani, ili kila moyo uwe umekwisha kuuona moto kabla jicho halijauona. Kadhalika mbiu ya mgambo, ambayo wahenga walisema kuwa ikilia ina jambo: pembe haisemi ni jambo gani, na mji mzima, tangu mlio wa kwanza mpaka neno la kwanza la mpiga mbiu, hukaa roho juu. Nafasi hiyo baina ya mlio na khabari ndiyo iitwayo taharuki.

Ajabu ni kwamba serikali ya kikoloni, ilipotaka kutumia sinema kuwafundisha Waafrika, iliwadhania kuwa hawana uwezo wa jambo hilo. Baina ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walitengeneza picha za mafunzo zilizokwenda na sauti ya santuri, ili picha ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Nayo kwa hakika ilikuwa hila nzuri. Lakini Idara ya Filamu za Makoloni ilipoundwa London mwaka 1939, mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa ameonyesha picha za afya huko Nigeria, alishika fikra kwamba mtazamaji wa Kiafrika huchanganyikiwa kamera ikigeuka upesi, au picha ikikatwa ghafla, au uso ukisogezwa karibu. Basi kila kitendo kionyeshwe kizima, polepole, wala lisifichwe lolote. Na pasipofichwa kitu, taharuki itoke wapi? Dhana hiyo ilikuwa dhuluma, tena ilikanushwa na mambo yaliyo dhahiri, kwani Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu 1921, na watu wa pwani walikuwa wakilipa fedha zao wenyewe kwenda kutazama picha za Kihindi na za Marekani zilizojaa hila zote hizo, wakacheka na kulia mahali palipostahili.

Fundi mwenye kuijua kazi yake hufanya kama mwimbaji wa vave. Steven Spielberg, katika Jaws ya mwaka 1975, aliiweka kamera chini ya maji, mahali pa macho ya papa, na John Williams akaipa noti mbili tu zilizokaribiana, zikirudiwa kwa mwendo unaozidi kasi. Msichana anaogelea usiku, anavutwa chini, kengele ya boya inalia peke yake, kisha kimya. Papa mwenyewe haonekani vyema ila baada ya zaidi ya saa nzima, na sehemu ya sababu ni kwamba papa wa mashine aliyeundwa kwa kazi hiyo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Mvuvi yeyote wa Kiunga angemwambia kwamba hasara ile ilikuwa faida, maana papa aliyekwisha kuonekana khofu yake ina kipimo.

Na Kiunga yenyewe imo katika khabari hizi. Joy na George Adamson walimleta pwani hiyo simba wao Elsa katika miaka ya 1950, akacheza katika mawimbi. James Hill alipoifanya hekaya hiyo kuwa sinema, Born Free ya mwaka 1966, iliyompatia John Barry tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake, hakuanza na mapenzi. Alianza na mwanamke anayefua nguo mtoni, ameshughulika na kazi yake kama mke yeyote wa nyumba yoyote, na simba akamuua. Baada ya hapo ndipo watoto wa simba wanapoletwa nyumbani, wakanyonya chupa; na hata Elsa anapokimbia ufukweni, mrembo na mpole, mtazamaji aliyeuona mto ule hamtazami yeye peke yake, bali hutupa jicho pia kwenye kichaka kilicho nyuma ya mchanga.