Marathoni ya Kwanza: Historia ya Mazoezi ya Mkimbiaji Anayeanza

Ratiba ya mtu anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza hufanana karibu kila mahali duniani. Huchukua wiki 16 hadi 20. Mkimbiaji hutoka mara tatu hadi tano kwa wiki, na siku nyingi hukimbia taratibu. Mwisho wa wiki huwa na safari moja ndefu, inayoongezwa kidogo kidogo mpaka ifike kilomita 30 au 32. Kila baada ya wiki chache mzigo hupunguzwa ili mwili upumue, na wiki mbili au tatu za mwisho ni za kulegeza. Ratiba ya namna hiyo haikuwapo marathoni ilipoanza. Ilijengwa kipande kwa kipande katika karne ya 20, na kila kipande kilichoongezwa kiliwafungulia mlango watu ambao hapo awali walihesabiwa kuwa hawaziwezi mbio hizo.

Marathoni ya Olimpiki ya kwanza ilikimbiwa Aprili 10, 1896, kutoka mji wa Marathon hadi Athens, umbali wa kilomita 40 hivi. Wazo lilitoka kwa Michel Bréal, msomi wa Kifaransa, aliyetaka kuenzi hekaya ya tarishi wa Kigiriki. Walioanza walikuwa 17, na karibu wote ni wenyeji. Wageni walikuwa wanne tu. Watatu kati yao, Edwin Flack wa Australia, Albin Lermusiaux wa Ufaransa na Arthur Blake wa Marekani, walikuwa hodari wa mbio za mita 800 na 1,500, na hawakuwahi kukimbia umbali kama huo. Waliongoza mwanzoni, kisha miguu ikagoma na wote watatu wakaachia njiani. Mgeni pekee aliyemaliza alikuwa Gyula Kellner wa Hungaria, ambaye alikwisha kuujaribu umbali huo kwao katika mbio za mchujo. Wagiriki nao walikuwa wamefanya michujo yao. Spyridon Louis, mshindi kwa saa 2:58:50, alipatikana humo. Siku ile ilionyesha kwamba marathoni hulipa maandalizi ya masafa kuliko kasi, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya mtu kulifanyia kazi funzo hilo kwa mpango.

Miongo iliyofuata, maandalizi yalifuata mazoea zaidi ya uchunguzi. Makocha waliogopa kwamba mwili ungechoka kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo wakimbiaji wengi walitembea sana na kukimbia kidogo. Kunywa maji njiani kulionekana kuwa udhaifu. Kwenye Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904, waandaaji waliyabana maji kwa makusudi, njia ikiwa na vumbi na jua kali. Kati ya wakimbiaji 32, ni 14 tu waliofika. Mshindi, Thomas Hicks, alisukumwa na wasaidizi wake kwa striknini, ambayo ni sumu, iliyochanganywa na mayai, na baadaye kwa brandi. Mwaka 1908, kwenye Olimpiki ya London, umbali uliwekwa kuwa kilomita 42.195, na mwaka 1921 ukafanywa kipimo rasmi cha dunia. Picha ya Dorando Pietri wa Italia akiyumba na kuanguka karibu na utepe, mwaka huohuo wa 1908, iliwakaa watu vichwani: marathoni ni mchezo wa kufa na kupona.

Mtu aliyefanya zaidi kuibadili fikra hiyo alikuwa Arthur Lydiard, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu mjini Auckland, New Zealand. Katika miaka ya 1940 alidhani ana siha nzuri kwa kuwa alicheza raga, mpaka rafiki yake, Jack Dolan, alipomchukua kukimbia maili tano, yaani kilomita nane. Alimaliza akihema vibaya. Hapo akaanza kujifanyia majaribio kwa miaka mingi: wiki nyingine alikimbia mno mpaka akadhoofika, nyingine kidogo mno. Alihitimisha kwamba kwa mwanariadha kamili kipimo kizuri ni kama maili 100, kilomita 160, kwa wiki, nyingi zikiwa za mwendo wa wastani, kabla ya kugusa mazoezi yoyote ya kasi. Alikuwa bingwa wa marathoni wa New Zealand mwaka 1953 na 1955. Kila Jumapili vijana aliowafundisha walipanda na kushuka milima ya Waitakere kwenye njia ya Waiatarua, kilomita 35. Hata Peter Snell, mkimbiaji wa mita 800, hakusamehewa. Mavuno yalionekana kwenye Olimpiki ya Rome mwaka 1960: Snell alishinda mita 800 na Murray Halberg mita 5,000 alasiri moja, na Barry Magee akapata shaba katika marathoni ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda bila viatu. Safari ndefu ya Jumapili ambayo mkimbiaji anayeanza huikuta leo kwenye ratiba yake imerithiwa kutoka vilima hivyo.

Ila Lydiard hakuishia kwa mabingwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alisaidia kuanzisha kikundi cha mchakamchaka mjini Auckland, cha wanaume wa makamo wenye vitambi na wengine waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Masharti yalikuwa mepesi: hakuna kushindana, na hakuna kukimbia kwa kasi inayomzuia mtu kuzungumza. Mwishoni mwa mwaka 1962 Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alimtembelea Lydiard na kualikwa kukimbia nao. Bowerman alikuwa na umri wa miaka 51 na alijiona bado mkakamavu. Kufikia kilima cha kwanza alikuwa ameachwa. Aliyepunguza mwendo ili kumsindikiza alikuwa mzee aliyezidi miaka 70 na ambaye moyo wake ulikwisha kumsumbua zaidi ya mara moja. Mzee alipiga soga njia nzima huku kocha akishindwa hata kuitikia. Bowerman alibaki Auckland kwa wiki kadhaa, akikimbia kila siku.

Aliporudi Eugene, Oregon, mwanzoni mwa mwaka 1963, aliwaita wananchi uwanjani wakimbie taratibu pamoja. Watu walifurika kwa wingi uliomtia hofu, maana hakuwa na hakika ya afya zao. Akasimamisha mikutano hiyo na kushirikiana na daktari wa moyo, Waldo Harris, kupima mpango kwa vikundi vidogo. Kutokana na kazi hiyo walitoa kitabu mwaka 1967 kuhusu kukimbia polepole, kilichouzwa zaidi ya nakala milioni moja. Kanuni zake bado zinaongoza ratiba za leo: changanya kukimbia na kutembea, siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, na ongeza umbali kwa kiasi. Wakati huohuo nchini Ujerumani, daktari Ernst van Aaken alikuwa akihubiri mbio ndefu za polepole kwa wanawake, wazee na watoto, na mwaka 1969 mwandishi Joe Henderson alieneza mafundisho yanayofanana na hayo kati ya wakimbiaji wa Marekani. Huko Toronto, daktari Terence Kavanagh alikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 kikundi cha wagonjwa wake wa moyo kilikimbia marathoni ya Boston.

Kwa wanawake kikwazo kilikuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa waandaaji waliamini miili yao haiwezi masafa marefu. Mwaka 1966 Bobbi Gibb alijificha vichakani karibu na mahali pa kuanzia Boston, akajiunga na kundi bila namba na kumaliza kwa saa 3:21. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Kathrine Switzer, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Syracuse. Alifanya mazoezi majira ya baridi kali pamoja na Arnie Briggs, tarishi wa posta aliyekuwa amekimbia Boston mara nyingi. Briggs alishikilia kwamba mwanamke hawezi kumaliza, ila akaahidi kwamba Switzer akiukimbia umbali wote mazoezini, yeye mwenyewe atampeleka. Wiki chache kabla ya mashindano walikimbia maili 26. Switzer, akihofu kwamba huenda walipima vibaya, akaomba waongeze tano, na mwishoni ni Briggs aliyeishiwa nguvu. Siku ya Boston, ofisa mmoja alijaribu kumvua namba yake, 261, barabarani. Rafiki yake alimsukuma ofisa huyo kando, na Switzer akamaliza. Boston ilifungua milango rasmi kwa wanawake mwaka 1972, na Olimpiki mwaka 1984, aliposhinda Joan Benoit.

Watu walikuwa tayari; sasa zilihitajika mbio zinazowakubali. Boston ilikuwa imeanza kuogopa wingi wa watu, hivyo mwaka 1970 ikadai kila mshiriki awe na uwezo wa kumaliza chini ya saa nne. Mwaka huohuo New York ilianzisha marathoni yake ndani ya Central Park: waliojiandikisha ni 127, na waliomaliza 55. Ushindi wa Frank Shorter kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, uliotazamwa na Wamarekani wengi kwenye televisheni, uliamsha hamu ya kukimbia nchini humo. Mwaka 1976 Fred Lebow na wenzake waliitoa marathoni ya New York bustanini na kuipitisha katika wilaya zote tano za jiji, wenyeji wakiwashangilia hata wa mwisho. Chris Brasher na John Disley waliona mfano huo, wakauhamishia London, na Machi 29, 1981, zaidi ya watu 6,000 walimaliza. Dick Beardsley na Inge Simonsen walivuka utepe wakiwa wameshikana mikono, nyuma yao yakafuata maelfu ambao hawakuwa na haja ya kumshinda mtu. Marathoni ya Honolulu nayo haikuweka kabisa muda wa kufunga njia.

Sayansi ya chakula na maji ilikuja sambamba na wimbi hilo. Mwaka 1967 watafiti nchini Sweden, akiwamo Jonas Bergström, walichukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano na kuonyesha kwamba muda ambao mtu huweza kuendelea na kazi nzito hutegemea glaikojeni, sukari ya akiba iliyomo kwenye misuli, na kwamba akiba hiyo huongezeka kwa kula wanga. Hii ilieleza kwa nini wengi huishiwa nguvu ghafla karibu na kilomita ya 30, na kwa nini sahani ya tambi, wali au ugali jioni za mwisho ina maana. Kuhusu maji, mawazo yaliyumba kutoka pembe moja hadi nyingine. Baada ya miongo ya kunyimwa, wakimbiaji waliambiwa wanywe kadiri wawezavyo, na baadhi wakazidisha mpaka chumvi ya damu ikashuka. Tim Noakes wa Afrika Kusini aliitahadharisha dunia juu ya hatari hiyo kuanzia miaka ya 1980. Uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa Boston ya mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 wana upungufu huo. Wanaokaa njiani muda mrefu wakinywa kila kituo, kama wafanyavyo wengi wanaoanza, ndio waliomo hatarini zaidi. Ushauri wa sasa ni kunywa kwa kufuata kiu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuyapanga haya yote kwenye karatasi moja. Katika miaka ya 1970 daktari wa moyo Jack Scaff aliendesha mafunzo ya wazi ya Jumapili mjini Honolulu kwa watu wasiowahi kukimbia. Jeff Galloway, aliyeshiriki Olimpiki ya 1972, alianza kufundisha wanaoanza mwaka 1974 na kutengeneza mfumo wa kukimbia kwa dakika kadhaa kisha kutembea kwa muda mfupi, tangu mwanzo wa safari, kabla ya kuchoka. Hal Higdon alieneza ratiba ya wiki 18, yenye kilele cha maili 20, takriban kilomita 32, wiki tatu kabla ya mashindano. Sababu ya kutofika 42 mazoezini ni kwamba mkimbiaji wa polepole angekuwa barabarani saa nyingi mno, akajeruhi miguu na kuhitaji wiki kadhaa za kupona. Tangu mwaka 1988 mashirika ya hisani ya Marekani yalianza kuwaandalia wanaoanza makocha, nao wakimbiaji wakachangisha fedha za matibabu. Na Oprah Winfrey alipomaliza marathoni mjini Washington mwaka 1994 kwa chini ya saa nne na nusu, mamilioni ya watazamaji wake waliona kwamba mfanyakazi mwenye shughuli nyingi anaweza kulifanya jambo hilo.

Afrika Mashariki ilitoa mabingwa kabla ya kutoa umati. Gidamis Shahanga wa Tanzania alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, Ibrahim Hussein wa Kenya akashinda New York mwaka 1987, na Juma Ikangaa wa Tanzania mwaka 1989. Wakimbiaji hao walitoka jeshini, kwenye shule zenye riadha au kwenye vyuo vya ng'ambo. Mtu wa kawaida aliyekimbia barabarani asubuhi bila sababu aliulizwa anakimbizwa na nani. Mbio zilizowaita raia zilikuja baadaye: Lewa nchini Kenya mwaka 2000 kwa ajili ya uhifadhi, kisha Nairobi na Kilimanjaro, zote mwaka 2003. Mashindano mengi ya aina hiyo huambatanisha masafa mafupi na marathoni kamili, na wengi hupanda ngazi kwa kilomita 5, 10 na 21 kabla ya kuthubutu 42. Vikundi vya mchakamchaka vya Dar es Salaam, vyenye nyimbo na fulana za rangi moja, vimekuwa shule ya wengi wao.

Mazingira yameifanya ratiba ibadilike kidogo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwendo wa mgeni lazima upungue. Pwani joto na unyevu huwalazimu watu kuanza safari ndefu kabla ya jua kuchomoza. Mbio za Kilimanjaro hufanyika Moshi karibu na mwisho wa Februari, msimu wa joto, na njia yake ina mpando mrefu. Anayezilenga kwa mara ya kwanza kwa ratiba ya wiki 18 huanza mwezi Oktoba, hufikia kilomita zake 32 mwanzoni mwa Februari, na siku zinazobaki hupumzisha miguu.