Kuganda

Mintarafu ya neno kuganda, ambalo wachuuzi wa samaki wa Likoni hulitumia kwa barafu na wengine kwa damu, samli na maziwa, lipo jambo la kustahili kutazamwa: lugha yetu inayo pia nomino ganda, yaani tabaka la nje la tunda au yai, na maji yanayogandishwa aghalabu huanza kwa kufanya ganda. Mwanachuoni Josef Stefan, aliyeshughulikia barafu ya bahari za kaskazini, alidhihirisha kwa hisabati, mwaka 1889, kwamba ganda hilo hunenepa upesi mwanzoni na taratibu baadaye, kwa kuwa joto litolewalo na maji yagandayo halina budi kupenya barafu iliyokwisha kufanyika. Hivyo unene ukitakiwa uwe maradufu, muda hutakiwa uwe mara nne. Mpaka wa yabisi na majimaji wahama hesabu ikiendelea, na hapo ndipo penye ugumu wote. Kuyeyusha nako, gramu moja hutaka kalori 80 hivi, ilhali kipimajoto hakipandi, na kwa fadhila hiyo samaki hukaa wabichi. Waandishi wa vitabu vya shule nawasihi walitwae neno ganda kwa tabaka hilo.