Vipuri vya Colossus

Fundi wa kompyuta anayeunda mashine mpya kwa vipuri vya mashine kuukuu hupima kwanza nini kihame na nini kiachwe. Kasha huhama, feni huhama. Diski nayo huhama, ila kwanza hufutwa, ili mwenye mashine mpya asijue mambo ya mwenye mashine ya zamani. Mwaka 1945 serikali ya Uingereza ilifanya jambo linalofanana na hilo kwa mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki duniani. Chuma kilihama. Kilichofutwa ni historia yake.

Mashine hiyo iliitwa Colossus. Aliyeisanifu, Tommy Flowers, alikuwa mhandisi wa simu katika kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, London. Wavunja siri wa Bletchley Park walihitaji mtambo wa kuwasaidia kufumbua ujumbe wa mashine ya Lorenz, iliyotumiwa na makamanda wakuu wa Ujerumani. Flowers alipendekeza mtambo wenye vali zaidi ya 1,500. Wengi walitilia shaka, kwani vali ni ya kioo na huungua kama balbu. Lakini yeye alikuwa amejifunza kwenye mitambo ya simu kwamba kinachoziua vali ni kuwashwa na kuzimwa kila mara. Zikiachwa ziwake mfululizo, hudumu. Fremu, relei na swichi alizotumia zilikuwa vifaa vya kawaida vya Posta. Januari 1944 Colossus ya kwanza ilifika Bletchley Park, ikisoma herufi 5,000 kwa sekunde kutoka kwenye utepe wa karatasi. Vita vilipokwisha, zilikuwa kumi.

Kisha ikaja amri ya kuzivunja. Mbili zilibakizwa kwa kazi ya ujasusi, nane zikafumuliwa. Flowers aliagizwa kuteketeza nyaraka, naye akazichoma kwenye tanuri la Dollis Hill. Hata hivyo, nchi iliyochoshwa na vita haitupi vifaa vizima. Max Newman, mwanahisabati aliyeongoza kitengo kilichotumia Colossus, alikuwa anaanzisha maabara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Manchester. Baadhi ya vipuri vilimfuata huko, vikiwa vimeondolewa dalili za kazi vilizofanya.

Ni Manchester hiyohiyo ambako, tarehe 21 Juni 1948, Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill, wahandisi waliotoka kwenye rada, waliwasha kompyuta ndogo iliyopewa jina la utani Baby. Hiyo ndiyo ya kwanza kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki, na kumbukumbu yenyewe ilikuwa kioo cha aina iliyotumika kwenye rada. Newman alikwishaona kwa macho yake maelfu ya vali yakifanya kazi pamoja bila kukwama. Ujuzi huo ulihama naye, lakini hakuruhusiwa kusema ameupata wapi.

Aliyeumia zaidi ni Flowers. Alipewa zawadi ya pauni 1,000, isiyofikia hata fedha alizotoa mfukoni mwake. Alipoomba mkopo Benki ya Uingereza ili aunde mashine nyingine ya aina hiyo, alinyimwa, kwa kuwa benki haikuamini kwamba mashine kama hiyo ingeweza kufanya kazi. Angejibu nini? Alikuwa amekwisha kuiunda, na kiapo cha siri kilimziba mdomo. Colossus haikujulikana hadharani hadi miaka ya 1970.

Mwaka 1993 mhandisi Tony Sale alianza kuiunda upya Bletchley Park. Vipuri havikuwa tatizo kubwa: mitambo ya zamani ya simu ilikuwa inang'olewa nchini, na ndani yake mlikuwa na relei na swichi za ukoo uleule ambao Flowers aliutumia. Kilichokuwa adimu ni michoro. Sale alikuwa na picha chache za mwaka 1945 na vipande vya michoro ya saketi ambavyo baadhi ya wahandisi walivihifadhi kinyume cha amri. Bila ukaidi wao, lundo lile la swichi lingebaki vyuma vya simu tu.

Mwaka 1996 mashine iliwashwa, na Flowers, mwenye umri wa miaka 90, alikuwapo kuitazama.