Grisi ya Liemba

Gari la zamani hudumu kwa kuendeshwa na kupakwa grisi. Sisi wa Kigoma tumejifunza hilo kwa meli.

MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli na reli hadi Kigoma, na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa.

Miaka ya 1970 injini za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli. Je, ni meli ileile? Kwangu ndiyo, maana kazi ilibaki ileile: abiria na dagaa hadi Mpulungu, Zambia, mitumbwi ikiifuata palipokosekana gati.

Safari ziliposimama miaka ya karibuni kusubiri ukarabati, wengine waliitakia makumbusho. Mimi naitakia fundi. Vijiji vya mwambao bado vina mizigo.