Mizani na Thumuni: Sarafu na Utawala Katika Mwambao wa Tiwi

Tiwi, kusini mwa Likoni, imo katika ule ukanda wa maili kumi ambao Sultani wa Unguja alihesabiwa kuwa mwenyewe hata tarehe 12 Desemba 1963. Lakini sarafu zilizopita mikononi mwa wavuvi na wakwezi wa huko zilikwisha kumtangaza mwenyewe mwingine miaka 75 kabla ya hapo.

Katika ada ya dola za Kiislamu, mtawala hutambulikana kwa mambo mawili: kutajwa katika hotuba ya Ijumaa na kuandikwa katika sarafu. Hivyo Seyyid Barghash alipotoa pesa zake za shaba mwaka 1299 Hijria (1882), zenye jina la Sultani upande mmoja na mizani upande wa pili, hakutafuta wepesi wa biashara tu. Biashara ilikwisha kuwa na rupia ya Bara Hindi, na riale ya Maria Theresa ambayo haikuzeeka, kwa kuwa kila iliyofuliwa iliandikwa 1780. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikatoa pesa yake ya Mombasa. Mizani ikabaki, jina la Sultani likaondoka, pakaja la Kampuni, pamoja na jua na taji. Bendera nyekundu ya Unguja ikazidi kupepea. Bendera ilisema hili na sarafu ikasema lile, na sarafu ndiyo iliyoingia majumbani.

Lugha, hata hivyo, haikungoja amri. Mwaka 1905 rupia iligawanywa senti 100 badala ya pesa 64; pesa yenyewe ikafa, neno likakua hata likawa jina la fedha zote. Tangu 1920 rupia ikahesabiwa shilingi mbili. Riale nayo ilikuwa rupia mbili na kidogo. Thumuni yake, yaani sehemu ya nane, ikalingana na nusu shilingi. Basi senti hamsini yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano ikaitwa thumuni, jina lisilo na maana ila kwa mtu akumbukaye riale. Likavuka salama sura ya Kenyatta ya 1966 na ya Moi ya 1980. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu, na sarafu za 2018 zina wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu. Miongoni mwake hamna senti hamsini. Thumuni imebaki jina lisilo na sarafu.