Mlima Uliposogezwa Mbele

Katika uchoraji wa milima, Wachina ndio wakongwe wetu. Mnamo mwaka 1000 hivi, Fan Kuan alichukua hariri yenye urefu wa zaidi ya mita mbili akaijaza jabali moja. Picha hiyo, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Taipei, huitwa Wasafiri Kati ya Milima na Vijito, lakini wasafiri wenyewe sharti uwatafute. Wako chini kabisa, upande wa kulia, wakiswaga nyumbu waliosheheni mizigo. Juu yao ukungu umeficha msingi wa mwamba, maji yanaporomoka kwa mstari mwembamba mweupe, na jabali limepanda hadi karibu na ukingo wa picha. Hata mchoraji alijificha: sahihi yake, iliyopenyezwa kati ya majani ya miti, haikugunduliwa hadi 1958. Sijaona picha nyingine inayompima binadamu kwa unyenyekevu kama huo.

Ulaya ilichelewa. Kwa karne nyingi milima ilikuwa pambo tu nyuma ya watakatifu. Mwaka 1444 Konrad Witz alimchora Yesu akitembea juu ya Ziwa Geneva, na nyuma yake akaweka milima halisi ya huko. Pieter Bruegel alivuka Alps miaka ya 1550, akarudi kwao kwenye tambarare. Kisha katika Wawindaji Thelujini, picha ya 1565, akasimamisha vilele vikali juu ya kijiji cha nchi isiyo na mlima. Karibu mwaka 1818, Caspar David Friedrich alimpandisha mtu mwambani, ukungu ukiwa chini ya miguu yake. Hapo mizani ya Fan Kuan ilipinduliwa, na kwa maoni yangu mlima ulipungukiwa.

Hokusai wa Japani, akiwa na miaka sabini na ushei, aliurudishia heshima. Mfululizo wake wa mandhari 36 za Fuji ulipendwa mno hata zikaongezwa nyingine 10. Katika ile inayojulikana kuliko zote, Fuji ni kilele kidogo chini ya wimbi kubwa, lakini wavuvi wanahangaika huku mlima wenyewe umetulia tuli.

Paul Cézanne naye aling'ang'ania mlima mmoja, Sainte-Victoire, karibu na kwao Aix, wenye mita elfu moja na kidogo. Aliuchora kwa rangi za mafuta zaidi ya mara 30. Oktoba 1906 mvua ilimnyeshea akichora nje. Siku chache baadaye akafariki. Picasso, aliyemheshimu sana, alinunua kasri chini ya mlima huo mwaka 1958, na ndiko alikozikwa mwaka 1973.