Karema: Ngome Iliyoachwa na Ziwa

Kila nisemapo kwamba kwetu ni Sitalike, naulizwa habari za viboko wa Mto Katuma. Sina ubaya na viboko. Lakini Mkoa wetu wa Katavi una mwambao pia, ule wa Ziwa Tanganyika, na hapo Karema pana historia ambayo darasani tulipitishwa upesi mno.

Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alianza kujenga ngome juu ya kilima kilichokuwa ukingoni mwa maji. Baadaye ngome ikajikuta nchi kavu, kwa maana ziwa ndilo lililohama. Mnamo 1878 maji yalikuwa yamejaa kupita kiasi, yakazibua Mto Lukuga upande wa Kongo, yakatoka kwa nguvu. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Uwanda ulio chini ya kilima ulikuwa makao ya samaki.

Chama hicho kilileta pia tembo wanne kutoka India ili wabebe mizigo badala ya wapagazi. Tembo kwa meli, kuja nchi ya tembo! Mmoja tu alifika Karema. Carter, mkuu wa msafara wao, aliuawa Juni 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe, katika vita vya Mirambo.

Mwaka 1885 ngome ilikabidhiwa Mapadri Weupe. Hata hivyo, kwangu mimi mkubwa wa Karema si Cambier wala padri yeyote. Ni Adrian Atiman, mzaliwa wa Mali, aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari Algeria, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema 1889, akaoa huko, akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Miaka 67! Vitabu vyetu vilimtaja Cambier.

Sasa Karema imejengewa bandari mpya, na penye bandari watu hujenga. Kuta za zamani haziwezi kujitetea mbele ya mtafuta matofali. Basi naomba ziara ijayo ya wanafunzi isiishie mbugani Katavi. Iende Karema, na kamba ya kupimia: wapime kutoka kilimani hadi majini, waandike, kisha wawaulize wazee kaburi la Atiman liko wapi.